Maskini aitwe kikaoni kusikilizwa, si kuhesabiwa

NENO ‘ushirikishwaji’ limepata soko kubwa katika miji yetu. Hauji mradi Manzese, Tandika, Buguruni wala Mbagala bila kuelezwa kwamba wananchi ‘wameshirikishwa’. Wafadhili wanalipenda neno hilo, serikali inalipenda, na taasisi zetu za Kiislamu nazo zimelipokea kwa mikono miwili. Akina mama huitwa, majina huandikwa, karatasi ya mahudhurio hupitishwa, soda hugawiwa, picha hupigwa. Kisha huandikwa ripoti kwamba jamii imewezeshwa.

Swali ninalotaka tulitafakari, ndugu msomaji, ni dogo kulitamka lakini zito kulijibu. Je, yule aliyeshirikishwa anarudi nyumbani akiwa na nguvu zaidi kuliko alivyokuja? Sizungumzii nguvu za fedha peke yake. Nazungumzia ile hali ya mtu kujiona kwamba neno lake lina uzito, kwamba akisema, jambo linaweza kubadilika, na kwamba akikataa hatapata adhabu. Hili ni suala la akhlaqi kabla halijawa suala la mipango. Inawezekana kabisa kumshibisha mtu tumbo na papo hapo ukamvunja moyo wake.

Nguvu ni nini?

Atasema msomaji mmoja: Muislamu anatafutaje nguvu, na hali kila siku tunakiri kwamba hapana hila wala nguvu isipokuwa kwa Allah? Ni kweli, na ndiyo itikadi yetu. Lakini itikadi hiyo hiyo ndiyo inayomvua binadamu haki ya kujifanya mwenye nguvu juu ya binadamu mwenzake. Kama nguvu zote ni za Allah, basi mgawaji wa unga si mola wa anayepokea unga. Na Mtume (s.a.w) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, kwamba muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi kwa Allah kuliko muumini dhaifu, ingawa kila mmoja ana kheri. Unyonge basi si sifa ya ucha Mungu.

Mfano ninaopenda kuwapa wanafunzi wangu ni wa Barira (r.a). Alikuwa mjakazi, yaani mtu wa chini kabisa katika jamii ya wakati ule. Aliandikiana na mabwana zake kujinunua kwa wakia tisa za fedha, kila mwaka wakia moja. Jambo hilo lina asili katika Suratun Nur aya ya 33, ambako wenye watumwa wanaagizwa kuandikiana na wale wanaotaka uhuru na kuwapa sehemu ya mali aliyowapa Allah. Tazama mpango huo ulivyo. Anayetaka kutoka katika utumwa ndiye anayeanza kusema. Yeye ni upande mmoja wa mkataba. Kisha matajiri wanaagizwa kumsaidia. Bibi Aisha (r.a) akamlipia, akawa huru.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Baada ya kuwa huru alipewa hiari ya kubaki na mumewe Mughith, aliyekuwa bado mtumwa, au kuachana naye. Akachagua kuachana. Mughith alikuwa akimfuata katika njia za Madina huku machozi yakimtiririka hadi ndevuni. Mtume (s.a.w) akamuonea huruma, akamwambia Barira kwamba ingekuwa vizuri amrudie. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Mtume akamjibu kwamba hapana, yeye anamuombea tu. Barira akasema basi hana haja naye. Na mambo yakaisha hivyo. Kisa hiki kimo katika Sahihi Bukhari.

Hebu tulipime jambo hili. Mwanamke aliyekuwa mtumwa juzi anamuuliza kiongozi wa umma, Mtume wa Allah, kama anaamrishwa au anashauriwa. Anapojua kwamba anashauriwa, anakataa. Hakuna aliyemkaripia. Hakuna aliyemkumbusha kwamba uhuru wake ulilipiwa na mke wa Mtume. Hapa ndipo ninapopata maana ya nguvu ya mtu wa chini: kujua haki yake, kuweza kuuliza, na kuweza kusema ‘hapana’ bila kupoteza alichopewa. Mambo matatu haya ndiyo mizani yangu kwa kila mradi wa maskini, uwe wa serikali, wa wafadhili au wa msikiti.

Mradi uliofundisha kunyamaza

Miaka kadhaa iliyopita taasisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja jina, ilileta mradi wa vyerehani kwa wajane na akina mama wa hali ya chini katika mtaa ambao nilikuwa nafundisha madrasa. Nia ilikuwa njema. Viliitishwa vikao vya ushirikishwaji kwa wiki nyingi mfululizo, tena asubuhi. Wengi wa akina mama wale wanauza vitumbua na chapati. Asubuhi ndiyo soko lao. Kila kikao kiliwagharimu mauzo ya siku nzima, na mtu anayeishi kwa cha leo hana siku ya akiba. Kwa hiyo kabla mradi haujawapa kitu, wao walikuwa wameshaulipa.

Katika kikao kimojawapo mama mmoja aliuliza mambo mawili. Vyerehani vimenunuliwa kwa bei gani? Na kwa nini vyerehani, wakati wengi wao hawajui kushona na walishasema wanahitaji mtaji wa biashara wanazozijua? Aliuliza kwa adabu. Alijibiwa kwamba mambo hayo yameshapangwa na wataalamu, na kwamba mwenye shukrani haulizi bei ya zawadi. Siku ya kugawa, jina lake halikusomwa.

Kilichonigusa zaidi si jina hilo kukosekana. Ni ukimya uliofuata. Tangu siku ile hakuna aliyeuliza tena. Walipoulizwa kama wameridhika, walisema ndiyo kwa sauti moja. Aliyekuja kupima mafanikio angeandika kwamba wote wameshiriki na wote wameridhika, na kwa hesabu ya mahudhurio angekuwa amesema kweli. Lakini walichojifunza pale ni kwamba mwenye kuhitaji hana ruhusa ya kuwa na maoni. Somo hilo lilikuwa na nguvu kuliko somo la kushona.

Sasa watazame akina mama hao hao katika mchezo wao wa kupeana fedha, yaani upatu. Hawana katiba iliyopigwa chapa wala mfadhili. Wanakaa barazani jioni, biashara ikiwa imekwisha. Wanabishana nani apokee kwanza. Aliyefiwa anasogezwa mbele. Mchelewaji anahojiwa bila kuogopwa, hata kama ni mke wa mwenye nyumba. Kijumbe mwenyewe akikosea hesabu, anaambiwa hapo hapo. Fedha zenyewe ni kidogo, na kwa kuwa kila mmoja anapokea kile kile alichotoa, hakuna riba ndani yake. Ndiyo maana wanazuoni wengi wa zama hizi wameujuzisha. Mama aliyekuwa bubu kwenye kikao cha vyerehani, hapa ni hakimu.

Ni watu wale wale. Elimu yao haikubadilika njiani, wala umaskini wao. Kilichobadilika ni mahali. Pale neno lao halikubadili kitu, hapa linabadili. Kwa hiyo wanaposema viongozi wetu kwamba ‘watu wa chini hawajiamini’, nawaomba waulize kwanza: hawajiamini wapi, na mbele ya nani?

Fedha mkononi na jina ubaoni

Tuangalie mpango mkubwa zaidi. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza mwaka 2000. Katika awamu zake mbili za mwanzo, wananchi waliibua miradi ya darasa, zahanati au kisima, wakachangia nguvu zao na kuchagua kamati ya kusimamia. Awamu ya tatu, iliyozinduliwa mwaka 2012, ilikuja na Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao ulifikia kaya zaidi ya milioni moja Bara na Zanzibar. Kaya zilitambuliwa kwa kutajwa katika mkutano wa wananchi, zikajaziwa dodoso, kisha zikapata ruzuku kwa masharti kama watoto kuhudhuria shule na kliniki. Mara nyingi aliyepokea alikuwa mama.

Sina nia ya kuubeza mpango huo. Fedha taslimu mkononi mwa mama ina heshima ambayo gunia la mahindi halina. Mwenye fedha anachagua: leo unga, kesho daftari, keshokutwa vifaranga wa kufuga. Kuchagua ni nguvu. Mama ambaye hajawahi kushika shilingi bila kumuomba mtu anajiona mwingine siku anaposhika yake.

Lakini upo upande wa pili, na haki inatutaka tuutaje. Ili kupata msaada, inabidi utajwe mbele ya majirani kwamba wewe ni miongoni mwa maskini wa kutupwa. Mkutano unataja majina, ila vigezo na masharti vimeshaandikwa mahali pengine kabla mkutano haujaitwa. Na aliyeingia orodhani anaishi na hofu ya kutolewa. Akipaka nyumba chokaa, watasema ana uwezo. Akinunua kiti, macho yanamfuata. Huyu mtu anafundishwa polepole kuuonyesha unyonge wake, maana unyonge ndio kadi yake ya kuingilia. Fedha inamwambia ‘unaweza’, orodha inamwambia ‘usionekane kwamba unaweza’. Programu moja inaweza kumjenga mtu kwa mkono wa kulia na kumbomoa kwa mkono wa kushoto.

Tatizo hili si letu peke yetu. Marekani, nchi tajiri, ilipotangaza vita dhidi ya umaskini chini ya Rais Lyndon Johnson, sheria ya mwaka 1964 iliagiza kwamba wakazi wa maeneo ya kimaskini washiriki kwa kiwango kikubwa iwezekanavyo katika programu zao. Baadhi yao walilichukua agizo hilo kama lilivyo. Wakaanza kuwahoji mameya, wakadai hesabu, wakapinga maamuzi ya halmashauri zao. Mwaka 1967 Bunge likabadilisha sheria na kuzipa serikali za mitaa uwezo wa kuzidhibiti programu hizo. Miaka miwili baadaye mtaalamu wao mmoja, Sherry Arnstein, akaandika makala iliyokuja kuwa mashuhuri, akiufananisha ushirikishwaji na ngazi yenye vidato vinane. Chini kabisa ni kuchezewa akili. Katikati ni kupewa taarifa, kuulizwa maoni na kupewa kiti cha kutuliza kelele. Juu kabisa wananchi wanashika hatamu wenyewe. Ukiipeleka ngazi hiyo katika kikao kile cha vyerehani, utaona kwamba wale akina mama hawakupandishwa hata nusu yake.

Hekima ya Karachi

Upo mfano mwingine, nao umetoka katika mji wa Waislamu wenzetu. Mwaka 1980, katika kitongoji cha Orangi pembezoni mwa Karachi, Pakistan, mzee Akhtar Hameed Khan alianzisha kazi ya majitaka. Kitongoji kilikuwa kimejengwa bila mpango na bila mifereji, maji machafu yakitapakaa vichochoroni. Wakazi waliamini kwamba serikali ndiyo itakayowaletea mabomba bure, nayo haikuja. Mzee yule hakuwaletea fedha za mabomba. Aliwaletea mafundi wa kuwashauri, vipimo, ramani na zana. Wakazi wa kila kichochoro walichagua msimamizi wao, wakachangishana, wakachimba na kulaza bomba wenyewe. Gharama ilikuwa sehemu ndogo ya ile iliyokuwa ikitajwa na mamlaka. Makumi ya maelfu ya nyumba yakapata mifereji kwa njia hiyo.

Msomaji atauliza: je, huko si kuwabebesha maskini kazi ya serikali? Ni swali la haki, maana ‘kujitegemea’ kunaweza kuwa jina zuri la kutelekezwa. Jibu la Orangi lilikuwa kugawana mzigo kwa mpaka ulio wazi. Choo cha nyumba na mfereji wa kichochoro ni juu ya wakazi. Mfereji mkuu na usafishaji wa maji machafu ni juu ya serikali. Na wakazi waliokwisha kutimiza sehemu yao walikuwa na uso wa kuidai serikali sehemu yake, huku wameshika ramani mkononi. Aliyechimba, aliyelipa na anayeijua hesabu haongei kama anayeomba.

Wala tusidhani kwamba nguvu ya namna hiyo inapendwa na kila mtu. Parveen Rahman, aliyeiongoza kazi hiyo kwa miaka mingi na kuorodhesha ardhi za wanyonge wa Karachi ili zisiporwe, aliuawa kwa risasi mjini humo Machi 2013. Mikutano ya kupiga makofi haimuudhi mtu. Maskini wanaojua hesabu na mipaka ya viwanja vyao wana maadui.

Hoja mbili za kujibiwa

Hoja ya kwanza ni kwamba mwenye njaa hataki kikao, anataka chakula. Ni kweli, na anayekufa kwa njaa alishwe leo, bila kikao na bila sharti. Lakini njaa ya siku moja ni jambo moja, na umaskini wa miaka ishirini ni jambo jingine. Huyu wa pili tumeshamlisha kila Ramadhani, na Shawwal inamkuta pale pale. Kumwambia kwamba asubiri kushiba ndipo aulizwe maoni ni kumwambia asubiri milele.

Hoja ya pili ni kwamba inatosha maskini ajisikie vizuri: apewe semina, ahamasishwe, aambiwe kwamba anaweza. Hii naiona kuwa hatari zaidi. Kumpa mtu hisia ya nguvu bila nguvu yenyewe ni aina ya ghishi. Ni sawa na muuzaji anayeweka nafaka kavu juu na iliyolowa chini, naye Mtume (s.a.w) alimkemea muuzaji wa namna hiyo sokoni. Mtu aliyehamasishwa leo, kesho akauliza akafukuzwa, hurudi chini kuliko alipokuwa. Hataamini tena. Hisia ya nguvu haina budi kufuata nguvu, kama kivuli kinavyofuata mtu.

Sisi je?

Nimewataja serikali na wafadhili, lakini gazeti hili linasomwa misikitini, na mzigo mkubwa uko kwetu. Tunakusanya zaka, fitri, nyama ya kuchinja na futari. Tunazigawaje? Tumeona mistari mirefu juani, wazee wakisukumana, kamera zikiwaka, na jina la mtoaji limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko bismillah. Na hali Suratul Baqara aya ya 264 inatuonya kwamba masimbulizi na maudhi huibatilisha sadaka.

Fiqhi yetu wenyewe imetutangulia. Aya ya zaka, Suratut Tawba aya ya 60, imeziorodhesha zaka kwa ajili ya mafakiri na masikini, na wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika mwambao huu, wamefahamu kutokana nayo kwamba zaka sharti imilikishwe. Ikishatoka ni mali ya fakiri, na hamsimamii mtu katika mali yake. Imam Nawawi katika Al-Majmu’ ameeleza kwamba mwenye ufundi hupewa cha kununulia zana za ufundi wake, na mfanyabiashara hupewa mtaji kulingana na biashara yake. Maana yake ni kwamba kabla ya kutoa, lazima umuulize: wewe unajua kazi gani? Muuza vitumbua hapewi cherehani. Karne nyingi kabla ya semina za ushirikishwaji, faqihi huyu alikuwa ameshauona ukweli huo.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, yasiyohitaji mfadhili.

Kwanza, katika kila kamati ya zaka ya msikiti waingie wapokeaji wenyewe, wanaume na wanawake, wasiopungua theluthi, wenye haki ya kupiga kura na si kusikiliza tu. Suratush Shura aya ya 38 imewasifu waumini kwa kushauriana katika mambo yao, na haikusema kwamba shura ni ya wenye nyumba za ghorofa.

Pili, hesabu isomwe hadharani baada ya sala ya Ijumaa: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Majina ya wapokeaji yasisomwe. Mali ndiyo ya kuanikwa, si watu.

Tatu, vikao viwekwe saa ambayo haimnyimi mtu riziki yake, na palipo na upatu au kikundi ambacho watu wamekiunda wenyewe, msaada upitie humo badala ya kuundiwa kikundi kipya kwa ajili ya picha.

Nne, liwekwe wazi kwamba anayeuliza, anayelalamika au anayekataa hapotezi haki yake. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu linatugusa sisi tunaotoa. Tumezoea kushukuriwa. Lakini kama Barira aliweza kumkatalia Mtume (s.a.w) ombi lake na akabaki salama katika heshima yake, sijui ni mwenyekiti gani wa kamati mwenye cheo cha juu zaidi kiasi cha kutokuulizwa bei ya cherehani.

Ramadhani inapokaribia, kamati nyingi zitaanza kuandaa orodha. Nawaomba ndugu zangu wanakamati, kabla hamjaandika jina la kwanza, nendeni mkakae barazani na hao mnaotaka kuwaandika, jioni, wakishamaliza biashara zao. Msiende na karatasi ya mahudhurio. Waulizeni wanachojua, walichonacho na wanachokitaka, kisha mbadilishe walau jambo moja katika mipango yenu kwa sababu ya walichosema, na warudieni kuwaambia kwamba mmelibadilisha.

Wabillahi tawfiq.